Mwalimu wa hesabu afunzwe kusaka hitilafu

Leo sina simu mpya ya kuwaelezea wala programu ya kuwashauri mpakue. Nataka tuzungumze kuhusu hesabu, na hasa kuhusu watu walioko vyuoni sasa hivi wakijiandaa kwenda kuifundisha. Najua kuna walioanza kupiga miayo, lakini nivumilieni kidogo. Jambo hili linahusiana sana na kazi ninayoifanya kila siku ya kutengeneza programu, kuliko unavyoweza kudhani.

Hebu tazama hesabu hizi nne. Chukulia zimefanywa na mtoto wa Gredi ya 3:

52 − 38 = 26
71 − 45 = 34
83 − 27 = 64
94 − 61 = 33

Mwalimu mwenye haraka atachukua kalamu nyekundu, apige X tatu, aweke alama moja ya sahihi, aandike 1 kwa 4 na kufungua daftari linalofuata. Mtoto atarudishiwa daftari lake akijua kitu kimoja tu: kwamba hajui.

Sasa tazama tena, polepole. Huyu mtoto hakubahatisha hata mara moja. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Katika 52 − 38 alipofika kwenye mamoja aliona 2 na 8, akatoa 2 kutoka 8 akapata 6. Kwenye makumi akatoa 3 kutoka 5 akapata 2. Jibu, 26. Hesabu ya mwisho aliipata kwa sababu humo kanuni yake na kanuni ya kweli zinatoa jibu moja. Ukimpa 60 − 14, naweza kukuambia kabla hajagusa penseli kwamba ataandika 54.

Kwa lugha ya kazi yangu, kichwani mwa mtoto huyu kuna programu inayofanya kazi bila kusita. Ina mstari mmoja tu wenye kasoro. Ukiupata mstari huo, unaurekebisha na mambo yanaendelea. Usipoupata, unaweza kumpa mazoezi mia moja ya nyumbani na atayafanya yote mia kwa kasoro ile ile, tena kwa kasi zaidi.

Hoja yangu ya leo ni hii. Tunaposema mwalimu wa hesabu awe mbunifu, ubunifu tunaouhitaji kwake kuliko mwingine wowote ni uwezo wa kuiona njia ambayo si yake: njia ya mtoto aliyepatia kwa namna ya ajabu, na njia ya mtoto aliyekosea kwa kufuata kanuni yake mwenyewe. Uwezo huo haupatikani kwa kuwapanga walimu wanafunzi katika makundi ya "mitindo ya kujifunza". Unapatikana kwa kuwapa kazi zinazowalazimisha kutembea katika viatu vya wengine.

Tuanze na historia kidogo, maana wazo hili si langu na wala si jipya.

Mwaka 1978 watafiti wawili Wamarekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha makala kuhusu makosa ya watoto katika hesabu za kutoa. Kazi yao waliifanya katika kampuni ya Bolt Beranek and Newman huko Massachusetts, kampuni ile ile iliyotengeneza mitambo ya kwanza ya ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti hii tunayoitumia. Walitengeneza programu waliyoipa jina la BUGGY, kutokana na neno la Kiingereza la mdudu, ambalo sisi watengenezaji programu hulitumia tukimaanisha hitilafu.

BUGGY ilikuwa mchezo. Kompyuta inajifanya mwanafunzi mwenye kasoro moja ya siri, inakuonyesha majibu yake yaliyokosewa, nawe unaitungia hesabu nyingine ili uone itajibu vipi. Ukidhani umeshaigundua kasoro, unasema. Lakini kompyuta haikuamini hivi hivi! Inakupa hesabu mpya na kukutaka ujibu kama yule mwanafunzi angejibu, pamoja na makosa yake. Ukiweza kukosea kama yeye, umemwelewa. Na miongoni mwa watu waliowekwa mbele ya mchezo huo walikuwamo walimu wanafunzi.

Mimi nimesoma shahada ya sayansi ya kompyuta na ninalipwa kwa kuandika msimbo, lakini nusu ya kazi yangu ya kweli ni kusoma msimbo ulioandikwa na mtu mwingine na kujiuliza, "Huyu alikuwa akifikiria nini?" Nikianza kwa kudhani mwenzangu ni mjinga, sitapata kitu. Nikianza kwa kudhani alikuwa na sababu, napata hitilafu haraka. Mtengeneza programu asiyejua kusaka hitilafu hawezi kudumu kazini. Basi kwa nini tumruhusu mwalimu aingie darasani bila kufunzwa kusaka hitilafu katika fikra za watoto?

Tazama jinsi kazi hii inavyodai akili. Tuseme umeona jibu moja tu la mtoto: 60 − 14 = 54. Mwalimu wa kwanza anasema, "Huyu anatoa ndogo kutoka kubwa." Wa pili anasema, "La, huyu anachanganywa na sifuri. Akiona sifuri juu anaandika ile ya chini." Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kasoro zote mbili zinatoa 54. Utawatenganisha vipi? Ukimpa mtoto 70 − 26 hutajifunza lolote, kasoro zote mbili zitatoa 56. Lakini ukimpa 52 − 38, mwenye kasoro ya kwanza ataandika 26, na mwenye shida ya sifuri peke yake atapata 14, jibu sahihi. Swali moja lililochaguliwa vizuri limefanya kazi ya ukurasa mzima wa mazoezi.

Kutunga swali kama hilo ni ubunifu wa hesabu mtupu. Hakuna kitabu kitakachokuandalia, maana swali linategemea mtoto aliye mbele yako. Unahitaji kuwaza njia mbili au tatu kwa wakati mmoja, kuzifuata zote hadi mwisho, kisha kutafuta mahali zinapoachana.

Sasa nije kwenye mitindo ya kujifunza, ambako najua nitachokoza nyuki.

Binamu yangu yuko katika chuo kimoja cha walimu. Mwaka jana alinitumia ujumbe, "Kaka, tumejaza fomu leo. Mimi ni mtu wa kuona." Nikamuuliza, wa kuona nini? Akanieleza kwamba waligawanywa: kuna wanaojifunza kwa macho, wanaojifunza kwa masikio, na wanaojifunza kwa mikono. Halafu akaongeza kitu kilichonitia wasiwasi: "Ndiyo maana algebra ilinishinda. Haina picha."

Fomu za aina hii zina historia. Inayojulikana sana ni ya VARK, iliyotokana na kazi ya Neil Fleming na Colleen Mills wa New Zealand mwaka 1992, inayowagawa watu katika kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Inavutia, kwa sababu kila mtu anapenda kuambiwa yeye ni nani. Shida ni kile kinachojengwa juu yake, yaani dai kwamba ukimfundisha mtu kwa mtindo wake atajifunza zaidi kuliko ukimfundisha kwa mtindo mwingine.

Dai hilo linaweza kupimwa. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walieleza ushahidi unaohitajika. Wagawe wanafunzi kwa mitindo yao. Katika kila kundi wapange kwa kura, wengine wafundishwe kwa njia hii na wengine kwa ile. Wote wapewe mtihani mmoja. Kama dai ni la kweli, wa macho watafanya vizuri zaidi wakifundishwa kwa macho, na wa masikio kwa masikio. Walipopekua tafiti zilizokuwapo walikuta ni chache mno zilizofuata utaratibu huo, na kati ya hizo baadhi zilitoa matokeo yanayolipinga dai. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kuwapanga wanafunzi kwa mitindo.

Sisemi watu wote wako sawa. Mtu anaweza kweli kupenda michoro kuliko maelezo. Lakini kupenda ni kitu kimoja na kujifunza ni kingine. Mimi napenda chapati kuliko sukuma wiki, na hakuna daktari atakayenipangia mlo kwa kigezo hicho.

Tofauti zenye uzito miongoni mwa walimu wanafunzi zipo, na hazimo kwenye fomu. Kuna aliyefika chuoni akijua akisami vizuri na kuna aliyezikariri. Kuna anayewaza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani halafu akalazimika kueleza kwa Kiingereza. Kuna asiyeona au asiyesikia, naye anahitaji nukta nundu au lugha ya ishara, na hiyo ni haki yake, si mtindo. Na kuna mwenye hofu ya hesabu tangu alipokuwa mdogo, anayetetemeka akiitwa ubaoni.

Njia ya kuwasaidia wote hao ni kumpa kila mmoja njia zote na kumfundisha kuvuka kutoka moja kwenda nyingine. Jerome Bruner aliandika mwaka 1966 kwamba tunaweza kulishika wazo kwa kutenda, kwa picha na kwa alama. Mwanafunzi wa macho asiyeguswa na algebra anahitaji kusaidiwa kuiona picha ndani ya algebra, kisha kuirudisha picha hiyo kuwa algebra. Ukimwacha akae kwenye picha peke yake kwa sababu fomu imesema hivyo, umemfungia mlango kwa upole.

Hebu tuchukue mfano mmoja mashuhuri. Mwaka 1999 Liping Ma alichapisha kitabu kilicholinganisha walimu wa shule za msingi 23 wa Marekani na 72 wa China. Moja ya maswali aliyowauliza: kokotoa 1¾ ÷ ½, kisha tunga hadithi inayolingana na hesabu hiyo. Wachina wote 72 walipata jibu. Kwa Wamarekani, chini ya nusu walilimaliza sawasawa. Kwenye hadithi pengo lilikuwa kubwa zaidi: takriban asilimia 90 ya walimu wa China walitunga hadithi sahihi, na upande wa Marekani ni mwalimu mmoja tu aliyetunga hadithi yenye maana sahihi. Ajabu ni kwamba Wamarekani ndio waliokuwa wamesoma miaka mingi zaidi. Wengi wa walimu wa China walikuwa wameingia chuo cha ualimu baada ya Gredi ya 9.

Wengi waliokosea hadithi walitunga inayofanana na hii: "Nina chapati moja na robo tatu, tunagawana watu wawili." Hiyo ni kugawa kwa 2, jibu lake ni 7/8. Swali lilikuwa kugawa kwa nusu.

Na sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Neno "kugawa" kwetu ni kumpa kila mtu fungu lake, na "nusu kwa nusu" ni mimi na wewe kupata sawasawa. Ukimwambia mtoto "gawa kwa nusu", masikio yake yanasikia "gawa mara mbili". Kumgawia nusu ya mtu ni jambo lisiloingia akilini. Mwalimu asiyelijua hili atashangaa kwa nini darasa zima limeandika 7/8.

Sasa ingia dukani. Kuna mafuta ya kupima lita moja na robo tatu. Chupa ya kupimia ni ya nusu lita. Zitajaa chupa ngapi? Ghafla hesabu ina maana: nusu ngapi zimo ndani ya 1¾? Tatu na nusu. Ukipenda, geuza zote kuwa robo: robo 7 kwa robo 2, 7 ÷ 2 ni 3½. Ukipenda, zidisha pande zote mbili kwa 2, uwe na 3½ ÷ 1, kazi imekwisha. Ukipenda, pindua na uzidishe kama ulivyofundishwa, 7/4 × 2/1, unapata 14/4. Ukipenda desimali, 1.75 ÷ 0.5. Njia tano, jibu moja.

Na hapo dukani kuna mtoto mmoja mkali atakayesema, "Mwalimu, si tatu na nusu, ni tatu na robo." Usimpigie X! Amejaza chupa tatu, akaona mafuta yaliyobaki ni robo lita. Amesema kweli kabisa. Robo lita ndiyo iliyobaki, ila robo lita ni nusu ya chupa, na sisi tulikuwa tunahesabu chupa. Mwalimu aliyezijua njia tano ataligeuza kosa hilo kuwa somo bora la siku. Mwalimu aliyejua kupindua na kuzidisha peke yake atasema "rudia".

Mtu atauliza, kwani kuna ubaya gani? Sisi wengine tulifundishwa kwa kupindua na kuzidisha na tukafaulu.

Ubaya ni kwamba hofu ya mwalimu huambukiza. Mwaka 2010 Sian Beilock na wenzake walichapisha utafiti kuhusu walimu wanawake 17 wa madarasa ya kwanza na ya pili huko Marekani. Mwanzoni mwa mwaka hofu ya mwalimu haikuwa na uhusiano na uwezo wa watoto. Kufikia mwisho wa mwaka, kadiri mwalimu alivyokuwa na hofu zaidi ya hesabu, ndivyo wasichana wa darasa lake walivyoelekea kuamini kwamba hesabu ni ya wavulana, na walioamini hivyo walifanya vibaya zaidi. Wavulana hawakuguswa. Huo ni mwaka mmoja wa shule, na watoto wa umri wa kung'oka meno.

Sasa fikiria hapa kwetu. CBC ilianza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, na katika umilisi wake wa kimsingi wamo ubunifu na utatuzi wa matatizo. Mwaka 2021 vyuo vya walimu wa shule za msingi vikaanza kutoa diploma badala ya cheti cha P1. Kwa maandishi tumeshakubali kwamba mtoto afundishwe kufikiri. Kilichobaki ni swali gumu: mwalimu ambaye katika miaka yake yote ya shule alipewa alama kwa njia moja tu atamfundishaje mtoto kutafuta njia ya pili? Huwezi kutoa usichokuwa nacho.

Nimesikia pingamizi tatu, nami nazijibu kwa heshima.

La kwanza: darasa lina watoto sitini, nani ana muda wa kuchunguza kosa la kila mmoja? Ni kweli, hakuna. Lakini makosa hayako sitini. Katika daftari sitini utakuta kasoro chache zinazojirudia, na mwalimu aliyezizoea anazitambua kwa kutupa jicho. Fundi wa matatu hafungui injini nzima kila gari likikohoa. Amesikia vikohozi vingi, anajua aanzie wapi. Tunachotaka ni mwalimu avisikie vikohozi hivyo akiwa bado chuoni.

La pili: watoto kwanza wajue jedwali la kuzidisha, ubunifu baadaye. Nakubali kwamba jedwali ni lazima. Anayehangaika na 7 × 8 hana nafasi kichwani ya kuwaza njia nyingine. Lakini walimu wale wa China walijua kanuni na walijua sababu yake pia. Hakuna aliyesema uchague kimoja.

La tatu ndilo jipya: siku hizi mwalimu mwanafunzi anaiuliza programu ya akili bandia kwenye simu, anapata jibu na andalio la somo kwa sekunde chache. Vizuri. Lakini simu haiko kwenye dawati la mtoto aliyesema tatu na robo. Andalio linakuja kabla ya somo, na kosa la mtoto linakuja katikati yake. Ukitaka kuitumia programu hiyo kwa faida, iamuru ijifanye mtoto mwenye kasoro moja ya siri, nawe umsake. Hapo tumerudi kwenye BUGGY ya 1978. Ila uwe macho, maana programu hizi hazidumishi kasoro vizuri; katikati ya mchezo "mtoto" anaweza kusahau alichokuwa akikosea.

Basi kifanyike nini? Sina mamlaka yoyote, lakini nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

Kwanza, swali moja kila wiki, njia tatu. Mwalimu mwanafunzi alete njia yake, njia ya mwenzake aliyoielewa hadi anaweza kuieleza, na njia inayotumia vitu vya kushika, iwe maharagwe, vifuniko vya soda au kamba. Alama zitolewe kwa kueleza kwa nini zote zinafika mahali pamoja.

Pili, mchezo wa kasoro ya siri, kwa karatasi tu. Mmoja anachagua kasoro na kuiandika kwenye kikaratasi anachokikunja. Wenzake wanamtungia hesabu, naye anajibu kwa kasoro hiyo bila kuteleza. Anayedhani amejua hatoi maelezo kwanza. Anajibu hesabu mpya kama yule mwenye kasoro angejibu. Hapa hata mwenye hofu ya hesabu anapumua, maana kwa mara ya kwanza anaombwa akosee, tena kwa ustadi.

Tatu, kabla ya kila somo la mazoezi ya kufundisha, aandike majibu matatu anayotarajia kutoka kwa watoto, likiwemo moja la makosa, na swali atakalouliza kwa kila moja. Walimu wa Japani wana desturi ya kutabiri majibu ya wanafunzi wanapoandaa somo kwa pamoja. Nasi hatuko mbali na Wajapani katika hili: mradi wa SMASSE wa kuimarisha hesabu na sayansi ulianza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, na kituo chake, CEMASTEA, kiko Karen, Nairobi. Mbegu ilishapandwa kwa walimu walio kazini. Imwagiliwe vyuoni pia.

Na kwenu watengenezaji programu wenzangu: mchezo kama BUGGY, kwa Kiswahili, unaofanya kazi kwenye simu ya bei nafuu bila intaneti, ni kazi ya wikendi chache. Kasoro ishirini za kutoa, ishirini za akisami, basi. Tunajenga programu za kukopesha pesa kila kukicha. Tujenge na moja ya kufundisha kukopa makumi.

Nimalizie kwa kuwaachia kazi. Mtoto ameulizwa namba ipi ni kubwa. Anasema 0.45 ni kubwa kuliko 0.6. Anasema 3.12 ni kubwa kuliko 3.8. Anasema 2.7 ni kubwa kuliko 2.5, na hapo amepata. Mwalimu mmoja anasema, "Huyu anadhani namba yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa." Mwalimu wa pili anasema, "Hapana, anazisoma tarakimu za baada ya nukta kama namba nzima, 45 dhidi ya 6." Mna ruhusa ya kumpa mtoto jozi moja tu ya namba ili mjue ni yupi kati ya walimu hao aliye sahihi. Mtampa ipi?